Boyi, hata mwenye wajukuu

Kwa Kiingereza cha leo, boy ni mutoto mwanaume. Lakini karibu mwaka wa 1300 lilikuwa jina la mutumishi, mutu wa chini. Maana ya mutoto ilikuja nyuma.

Wabeleji hawakuwa Waingereza, lakini katika Kongo yao walishika neno hilo. Elisabethville, Lubumbashi ya leo, ambako reli ya kutoka Rhodesia ilifika mwaka wa 1910, mupishi, mufuaji wa nguo, mupiga pasi, wote walikuwa maboyi, hata mutu mwenye wajukuu. Neno likazaa mengine: musaidizi wa dereva wa kamyo akaitwa boy-chauffeur, na nyumba ndogo ya nyuma ya parsele, boyerie. Hilo la mwisho lingali linasemwa, hata mupangaji akiwa mwalimu.

Mwaka wa 1965 watumishi hao wa zamani walitoa historia ya muji wao kwa Kiswahili, karatasi zilizopigwa kwa mashine, mwandikaji akiwa André Yav. Humo Leopold II, makampuni na wakubwa wa nyumba wanaonekana kutoka upande wa jikoni. Wasomi walichelewa: Johannes Fabian aliichapisha kitabu mwaka wa 1990.