Nani Alimzidisha Nguruwe? Kwenye Njia ya Götzen, Kageyo hadi Mahoko

Mwishoni mwa Mei 1894, Mjerumani mwenye umri wa miaka 28 alipokelewa na Mwami wa Rwanda, Kigeli IV Rwabugiri, huko Kageyo, katika nchi ya Kingogo. Huyo ni Gustav Adolf von Götzen. Alikuwa ameondoka Pangani Desemba iliyotangulia na msafara mrefu wa wapagazi, na kabla mwaka haujaisha angekuwa amefika Matadi, karibu na Atlantiki. Alipotoka Kageyo alielekea magharibi, akavuka mgongo wa milima unaogawa maji ya Kongo na ya Nile, akateremka Bugoyi, akaliona Ziwa Kivu. Mwezi Juni alipanda Nyiragongo kuchungulia moto wake.

Nimeifuata njia hiyo kwa ajili ya swali ambalo Götzen mwenyewe asingelitarajia: habari za nguruwe pori. Kageyo leo ni tarafa ya wilaya ya Ngororero, na Bugoyi iko ndani ya wilaya ya Rubavu, ambako mji wa kwanza wenye soko la maana kabla ya Gisenyi ni Mahoko. Kati ya sehemu hizi mbili, mwaka 1894, kulikuwa na msitu wa Gishwati, uliokaribia kuungana na misitu ya milima ya volkano. Pundamilia na nyumbu wa mbugani hawakuwepo huku. Kulikuwa na nyati, pongo, funo, nguruwe, nyani na sokwe, na palikuwa na Batwa walioishi kwa kuwinda.

Mtwa wa msituni hakuwa jangili. Alikuwa na kazi inayojulikana: alipeleka ngozi na nyama kwa wakubwa, akabadilishana na wakulima kwa maharage na mtama. Silaha zake zilikuwa mkuki, upinde, mbwa na kitanzi. Kitanzi hicho kinastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu hadi leo hakijabadilika sana. Unachagua mwanzi mchanga wenye nguvu, unaukunja mpaka ncha iguse ardhi, unafunga kamba yenye kitanzi, unakitandaza juu ya kijishimo na kukifunika kwa majani. Kijiti kidogo hushikilia kila kitu. Funo akikanyaga, kijiti kinafyatuka, mwanzi unaruka juu, na mguu umekwisha kukamatwa. Kilichobadilika ni kamba tu: wengine siku hizi hutumia waya.

Tatizo la kitanzi ni kwamba hakichagui. Mwaka 2012, katika Hifadhi ya Taifa ya Volkano, kitanzi kilichotegwa kwa ajili ya swala kilimuua mtoto wa sokwe wa milimani. Siku chache baadaye watafiti wa kituo cha sokwe cha Karisoke waliwashuhudia sokwe wawili wadogo wa kundi lilelile, Rwema na Dukore, wakikimbilia mtego mwingine. Mmoja alilirukia tawi lililokunjwa na kulivunja, mwingine akaifungua kamba. Wenye kazi ya kutegua mitego walibaki kuangalia.

Lakini niseme kwanza kwa nini nguruwe.

Miaka saba baada ya Kageyo, mwaka 1901, Götzen alirudi Afrika Mashariki akiwa gavana, makao yake Dar es Salaam. Alirithi kanuni za uwindaji zilizoanzishwa na Hermann von Wissmann mwaka 1896, na katika miaka yake zikazidi kukazwa. Leseni ikawa lazima, na uwindaji wa pamoja wa nyavu na mashimo ukaandamwa. Bunduki za wenyeji nazo zilikuwa zikikusanywa. Ukizisoma kanuni zenyewe, nguruwe hakulindwa hata kidogo. Aliwekwa kundi moja na nyani na wanyama wala nyama, viumbe ambao mtu aliruhusiwa kuwaua bila malipo. Kwenye karatasi, basi, mkulima wa Uzaramo, nchi inayoizunguka Dar es Salaam, hakuwa na la kulalamikia.

Shambani mambo yalikuwa mengine. Nguruwe hauawi na mtu mmoja mwenye jembe. Huja usiku, kwa kundi, na kundi moja likiingia shamba la muhogo linalima kuliko trekta. Wazaramo walimdhibiti kwa msako: wanaume wa vijiji kadhaa walitandaza nyavu upande mmoja wa kichaka, mbwa na wapiga kelele wakaingia upande wa pili, na waliobaki wakasubiri na mikuki. Kazi hiyo ilitaka nyavu, na ilitaka watu wengi kwa siku moja. Serikali ilizipiga vita nyavu, na watu ikawachukua. Tangu 1902 wanaume walipelekwa kwenye mashamba ya pamoja ya pamba, wengine wakatafuta fedha za kodi kwenye mashamba ya walowezi, na kuanzia 1905 ujenzi wa reli ya Dar es Salaam hadi Morogoro ukawahitaji pia. Wanawake walibaki na watoto juu ya madungu, wakipiga madebe gizani.

Mwanahistoria Thaddeus Sunseri aliuandika uhusiano huu mwaka 1997, katika makala kuhusu njaa na nguruwe pori wa Uzaramo, akionyesha jinsi hasira za nyumbani na shambani zilivyochangia kuzuka kwa vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani upande huo. Wengi tuliosoma historia ya vita hivyo shuleni tulifundishwa pamba, kodi na kiboko, na ni sawa. Vita vilianza Julai 1905 Nandete, katika vilima vya Umatumbi, kwa kung'oa pamba, si kwa kuua nguruwe. Ila jiulize mwanamke aliyekesha dunguni msimu mzima, akaamka asubuhi na kukuta mashina ya muhogo yamepinduliwa, alimsikilizaje mjumbe aliyetoka Ngarambe, kwa mganga wa vita hivyo, na maji ya dawa.

Götzen alijibu kwa moto. Askari walichoma vijiji na maghala, njaa ikaja, na Kusini waliipa jina la Fugufugu. Takwimu ya Wajerumani wenyewe ilikuwa watu 75,000 waliokufa, na wanahistoria wa baadaye wameipandisha hadi 250,000 au zaidi. Sehemu kubwa ya nchi ilibaki bila watu wa kufyeka vichaka. Tembo na nguruwe wakaingia palipokuwa vijiji, na baadaye ardhi ya aina hiyo ikamezwa na pori la akiba la Selous. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba mahali fulani wanyama wamezidi, uliza kwanza watu walikwenda wapi.

Jambo linalonichekesha kwa uchungu ni kwamba Götzen alizaliwa kwenye kasri la Scharfeneck huko Silesia, mwaka 1866, katika nchi iliyoijua kesi hii vizuri. Kwa karne nyingi mkulima wa Kijerumani alikatazwa kumgusa kulungu au nguruwe wa bwana, hata akiwa ndani ya ngano yake. Haki ya bwana kuwinda kwenye shamba la mtu mwingine ilifutwa na mapinduzi ya 1848, miaka kumi na minane tu kabla ya yeye kuzaliwa. Leo Ujerumani ina wawindaji wenye vyeti, na katika msimu wa 2017/18 waliua nguruwe pori zaidi ya 800,000, nyama yake ikauzwa kwenye mabucha na mikahawa. Hata hivyo nguruwe bado wanazidi, maana mahindi ni mengi, majira ya baridi yamelegea na mbwamwitu ni wachache. Hofu yao kubwa ni homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ulioelezwa kwa mara ya kwanza na daktari wa mifugo Montgomery nchini Kenya mwaka 1921. Ngiri na nguruwe pori wetu huubeba bila kuugua, huku nguruwe wa kufugwa wakifa karibu wote.

Turudi njiani.

Kutoka Kageyo kwenda Bugoyi leo huhitaji mtu wa kukukatia msitu. Unapita mashamba ya viazi, malisho yenye ng'ombe weusi kwa weupe, na mistari ya mikalatusi. Gishwati ilikuwa na hekta zipatazo 28,000 katika miaka ya 1970. Katika miaka ya 1980 ukaja mradi mkubwa wa misitu na mifugo, kwa fedha za Benki ya Dunia: theluthi mbili za msitu wa asili ziligeuzwa malisho, na karibu sehemu yote iliyobaki ikapandwa misonobari na miti mingine ya kigeni. Batwa wa Gishwati waliondolewa. Baada ya 1994 wakimbizi waliorejea, wakiwa na ng'ombe na bila ardhi, walikata sehemu kubwa ya kilichosalia. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilihesabiwa hekta 600 hivi.

Hapa kisa cha Uzaramo kimepinduka. Kule mwindaji aliondolewa na pori likabaki, nguruwe wakajaa. Huku mwindaji aliondolewa pamoja na pori lenyewe, na hakuna aliyelazimika kukesha. Batwa wengi wakageukia kufinyanga vyungu na vibarua vya mashambani. Lugha ya serikali ya leo, isiyotaja makabila, huwaita walioachwa nyuma na historia. Sioni kama ni historia iliyowaacha. Waliwekwa nje na mipaka yenye tarehe: Hifadhi ya Albert mwaka 1925 upande wa volkano, kisha mradi wa Gishwati. Na wakati Mtwa akigeuzwa mhalifu kwa funo mmoja, Mwanamfalme Wilhelm wa Uswidi alikuwa amekwisha kupita mwaka 1921 na kuua sokwe wa milimani kumi na wanne, kwa kibali.

Mahoko ni mji wa barabara kuu ya Musanze kwenda Gisenyi, katika tarafa ya Kanama, chini ya misheni ya Nyundo iliyoanzishwa 1901, mwaka uleule Götzen alipokuwa gavana. Sokoni kuna viazi vya magunia, karoti, kabichi na vitunguu vinavyosubiri malori ya Kigali na ya Goma. Kiswahili utakisikia kila kona, cha Kikongo kuliko cha Mombasa, na kimekuwa moja ya lugha rasmi za Rwanda tangu 2017. Nyama ipo. Mbuzi wa mishikaki anageuzwa juu ya makaa, na jirani yake ni nguruwe, ambaye hapa wanamwita akabenzi. Hukatwa vipande vinono, hukaangwa kwa vitunguu na pilipili hadi kingo zikauke, huletwa na ndizi za kuchoma kwenye sinia moja.

Nilimuuliza mzee mmoja aliyekuwa akisubiri sahani yake.

"Mzee wangu, nguruwe wa msituni mlikuwa mkiwala?"

"Batwa ndio walikuwa wanakula. Sisi tulikuwa na ng'ombe."

"Na sasa hawapo tena?"

"Wangelala wapi, mwanangu? Wewe umepita msitu gani kuja hapa?"

Sikuwa nimepita wowote. Msitu unaouliziwa umebaki juu, upande wa Rutsiro, nao umeanza kurudishwa. Mwaka 2015 serikali iliamua kuuunganisha na wa Mukura kuwa hifadhi ya taifa, vipande viwili vyenye kilomita za mraba 34 kwa jumla, na mwaka 2020 UNESCO ikaviweka kwenye orodha ya hifadhi za biosfia. Kuna sokwe mtu wachache, kima wa dhahabu, na funo. Kero ya Mahoko sasa si mnyama, ni mto. Sebeya hushuka kutoka milima iliyovuliwa nguo, na usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 uliingia majumbani, katika mafuriko na maporomoko yaliyoua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini mwa nchi.

Kwenye volkano, ambako msitu ulibaki, lawama za zamani zipo vilevile. Nyati hushuka kwenye viazi, na ukuta wa mawe ya volkano uliozunguka hifadhi humzuia anapotaka kuzuilika. Rwanda ilichagua kulipa: sheria ya 2011 inamfidia aliyeharibiwa mazao na wanyama wa hifadhi, na sehemu ya mapato ya utalii inayorudi kwa vijiji jirani ilipanda mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 10. Tanzania mwaka 2020 ilichukua njia nyingine, ikatunga kanuni za mabucha ya nyamapori ili raia anunue nyama hiyo kwa halali. Nikipewa kura, ningeiga vyote viwili, na leseni za kwanza ningewapa wale ambao babu zao walinyang'anywa nyavu. Ila Bugoyi hakuna cha kuwinda, na kwa udogo wa hifadhi ya Gishwati na Mukura hakitakuwepo kwa muda mrefu.

Msomaji ukitaka kuifuata njia hii, panda basi kwenye kituo cha Nyabugogo, Kigali, linalokwenda Rubavu kupitia Musanze, ushuke Mahoko kabla ya Gisenyi. Agiza mbuzi, au akabenzi kama dini yako inakuruhusu. Atakayekunong'oneza kwamba ana nyama ya funo, mkatalie: kuwinda ndani ya hifadhi ni kosa la jinai Rwanda, na mtego aliomkamatia bado unaweza kumkamata sokwe.