Kidude Kilichotolewa Enzi za Dhiki

Ndugu msomaji, maneno haya niliyasema kwanza redioni juma lililopita. Baadhi ya wasikilizaji wameomba kuyasoma kwa macho, kwa hiyo nayaweka hapa karibu kama yalivyotoka kinywani.

Mkazi wa Mwanza akikuambia kwamba Jumamosi nzima alikuwa anatengeneza hita ya gari lake, huna budi kumtazama mara mbili. Hapa Kiseke ninapoishi, jua likishapanda juu ya mawe yetu, mtu hutafuta kivuli na upepo wa ziwa. Hita ya nini? Hata jirani yangu, mtu mpole asiyependa kuingilia mambo ya watu, alisimama kwenye uzio akaniuliza kama nimepata uhamisho wa kwenda Ulaya. Nilimjibu kwamba sikupata uhamisho, nilipata somo.

Mwaka jana, mwezi Julai, nilimpeleka binti yangu kuanza kidato cha tano mkoani Njombe. Tuliondoka Mwanza alfajiri, tukapita Shinyanga na Nzega, tukapanda Sekenke, tukalala Dodoma. Siku ya pili tulichelewa kutoka, tukapita Mtera, Iringa na Mafinga, na giza likatukuta Makambako. Wenyeji wa nyanda hizo wanajua Julai yao ilivyo. Ukungu ulishuka, baridi ikaingia, na pumzi zetu sisi wawili zikaanza kuganda kwenye kioo cha mbele kwa ndani. Kiyoyozi cha gari langu kilikuwa kimekwisha gesi zamani. Nikavuta kishikio cha hita hadi mwisho wa alama nyekundu, nikawasha feni. Kilichotoka kilikuwa upepo baridi kama wa kisimani.

Binti alikuwa anafuta kioo kwa kitenge, nami naendesha kwa kuchungulia kitundu cha ukubwa wa sahani. Hapo ndipo lilipotokea lori lililokuwa limeharibika, limesimama nusu barabarani, bila taa wala matawi ya kutahadharisha. Nililikwepa kwa kiasi ambacho mpaka leo sipendi kukipima. Tulisimama mbele kidogo, injini ikinguruma, na mtoto akaniuliza, "Baba, tumepona?" Nikamwambia tumepona. Lakini mikono yangu ilikuwa haijakubali.

Niliporudi Kiseke niliapa kwamba gari hilo halitatoka tena mkoani kabla sijajua kwa nini hita haikufanya kazi. Sikulipeleka gereji. Nililifungua mwenyewe nyumbani, injini ikiwa imepoa, na hapo ndipo historia ninayotaka kuwasimulia ilipoanza.

Hita ya gari haina moto wake. Injini inapochoma mafuta, takriban theluthi ya nguvu ya mafuta hayo huishia kwenye maji yanayozunguka silinda. Maji hayo hupelekwa kwenye rejeta yakapoe. Sehemu ndogo huchepushwa kwa mipira miwili hadi kwenye rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, na feni hupuliza hewa kupita hapo. Kishikio cha joto hufanya moja ya kazi mbili kutegemea aina ya gari: ama hufungua na kufunga koki ya maji, ama husogeza mlango mdogo unaochanganya hewa ya moto na ya baridi. Katika magari ya zamani kishikio hicho huvuta waya. Katika mengi ya siku hizi kuna mota ndogo ya umeme.

Gari langu ni la waya. Niliingiza mkono chini ya dashibodi, nikaukuta umechomoka kwenye kibano chake, mlango umebaki upande wa baridi. Niliurudisha, nikabana, nikajisifu. Nikawasha injini nikangoja dakika ishirini. Hewa ikatoka ya uvuguvugu tu, kama chai iliyosahauliwa. Mipira yote miwili niliigusa, yote ilikuwa vuguvugu sawasawa, maana yake maji yanapita vizuri bali hayana joto. Nikatazama sindano ya joto kwenye dashibodi: haikuwa imefika katikati. Miaka yote niliyokuwa na gari hilo nilidhani sindano kukaa chini ni dalili ya afya.

Nilizima injini, nikangoja ipoe kabisa, nikapunguza maji, nikafungua kifuniko cha pale inapokaa themostati. Palikuwa patupu. Themostati ilikuwa imetolewa, na aliyeitoa hakuniambia.

Kwa wasiojua, themostati ni mlango mdogo wa chuma wenye nta ndani yake. Injini ikiwa baridi, mlango hufunga ili maji yasiende kwenye rejeta kubwa, injini ipate joto upesi. Maji yakifika kama nyuzi 82 au 88, kutegemea namba iliyogongwa juu yake, nta huyeyuka, hutanuka na kuusukuma mlango ufunguke. Ukikiondoa, maji huzunguka muda wote. Injini hufanya kazi ikiwa baridi mno, hula mafuta zaidi, silinda huchakaa, na hita hukosa cha kutoa, hasa ukiwa kwenye mwendo wa barabara kuu penye baridi.

Nilikwenda Nyakato kwa mzee mmoja aliyeshika spana tangu ujana wake, ambaye sasa hukaa kwenye benchi akiwaelekeza vijana. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee," akaitika, nami nikamweleza kwa uchungu kwamba mafundi wameniibia. Alicheka taratibu. Akasema, "Mwanangu, hawakukuibia. Walikutibu kwa dawa tuliyowafundisha sisi."

Naam, hapo ndipo penye historia. Wenye umri watakumbuka. Bei ya mafuta ya petroli ilipanda duniani mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilichukua fedha na magari. Fedha za kigeni zikaadimika, na ulipofika mwanzo wa miaka ya 1980, foleni ilikuwa ya sabuni, ya sukari, ya kila kitu. Sasa mtu anayepanga foleni ya sabuni ataipata wapi themostati ya Peugeot 504?

Mzee alinieleza hesabu yao. Maji yaliyotiwa kwenye rejeta yalikuwa ya ziwa, ya kisima au ya dimbwi la njiani. Dawa ya kuzuia kutu haikuwapo. Kutu na chumvi hukwamisha themostati, na ikikwama imefungwa, gari linachemsha, gasketi ya silinda hedi inaungua, na hedi yenyewe inapinda. Hedi mpya haikuwapo nchini. Kwa hiyo fundi alichagua kati ya maovu mawili: injini itakayochakaa polepole, au injini itakayokufa leo njiani kati ya Mwanza na Shinyanga. Akatoa themostati. Hita nayo ikivuja, alichomoa mipira yake miwili, akaiunganisha kwa kipande cha bomba, na safari ikaendelea. Mimi nasema alikuwa sahihi. Ningekuwa mahali pake ningefanya hivyo hivyo.

Lakini mambo yalibadilika. Bajeti ya mwaka 1984 ilifungua mlango kwa watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na baada ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986 mlango ule ukapanuka. Miaka ya 1990 magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika. Yalitufaa kwa sababu Japani, kama sisi, huendesha upande wa kushoto na usukani wao uko kulia. Vipanya na Hiace zikajaa barabarani, na maduka ya vipuri yakafunguliwa. Themostati ikapatikana. Lakini dawa ya dhiki ilikuwa imekwisha geuka mila. Kijana wa gereji alirithi spana, akarithi na mkono wa kutoa themostati, ila hakurithi sababu yake. Ukimuuliza atakujibu, "Hii ni ya nchi za baridi, bosi."

Hebu tujiulize: ni kweli ni ya nchi za baridi? Hita, naam, ilizaliwa huko. Magari ya kwanza yalikuwa wazi, na abiria walijifunika mablanketi. Mwaka 1929 Ford Model A ilikuwa na hita iliyochukua joto la bomba la moshi, na moshi wenye sumu ukivuja ulikuwa hatari kwa abiria. Mwaka 1938 kampuni ya Nash ya Marekani ilitoa hita ya maji yenye kuvuta hewa safi kutoka nje, nayo ndiyo babu wa hizi tulizonazo. Volkswagen ile yenye mgongo kama kobe, iliyokuja kushinda mbio za Safari za Afrika Mashariki katika miaka ya 1950, haikuwa na maji kabisa. Ilipasha abiria kwa hewa iliyozungushwa kwenye joto la injini. Land Rover zilizotoka mwaka 1948 na kuendelea, zilizozunguka nchi hii zikibeba mabwana shamba na waganga, hita kwao ilikuwa kifaa cha kuongeza kwa malipo.

Themostati ni jambo jingine. Ile ya nta ilibuniwa na Sergius Vernet huko Marekani katika miaka ya 1930, na haikubuniwa kwa ajili ya miguu ya abiria. Ni ya injini, nayo injini haijui kama iko Hokkaido au Ilemela. Inataka joto lake lile lile. Tena kuna injini ambazo, ukitoa themostati, maji hupitia njia ya mkato badala ya kwenda kwenye rejeta, na gari huchemsha kwa sababu ile ile uliyodhani umeikimbia.

Na hita pia ina kazi yake kwetu. Gari likianza kuchemsha mlimani, fungua hita hadi mwisho na feni yote. Utatoka jasho, lakini utakuwa umeipa injini rejeta ya pili hadi upate mahali salama pa kusimama. Aliyeunganisha mipira kwa bomba amejinyima msaada huo.

Nilinunua themostati mpya mjini. Kabla ya kuifunga niliijaribu jikoni kwa mama watoto, ndani ya sufuria ya maji. Hapa Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka karibu nyuzi 96 badala ya 100. Yalitosha: mlango ulifunguka taratibu mbele ya macho yetu, na jirani yangu wa uzioni naye alikuwa ameingia kutazama. Nikaifunga na gasketi mpya, nikajaza kulanti badala ya maji ya bomba, nikaacha injini iungurume hita ikiwa wazi ili hewa itoke kwenye mipira. Sindano ikapanda hadi katikati, ikatulia. Hita ikatoa joto la kweli, nasi tukafungua milango kukimbia.

Onyo moja, nalo nalisema kwa msisitizo: usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Maji yaliyofungiwa humo hupita joto la kuchemka bila kuchemka. Ukiyafungulia hulipuka kuwa mvuke usoni mwako.

Sina ugomvi na mafundi wetu. Wazee wao waliyaweka magari barabarani wakati nchi haikuwa na hata msumari. Ninachoomba ni mazungumzo. Fundi akitoa kitu kwenye gari lako, akuonyeshe, akupe mkononi, akuambie kwa nini. Nawe umuulize kama sababu hiyo bado ipo. Binti yangu atarudi likizo, na Januari nitampeleka tena Njombe. Wakati huo si wa baridi kali kama Julai, lakini mvua itakuwa inanyesha na kioo kitataka kukaushwa.

Tukijaliwa, tukutane juma lijalo.