Wembley 1924: Katani Ilionekana, Mkata Mkonge Hakuonekana

Filamu fupi za Maonyesho ya Dola ya Uingereza, yaliyofanyika Wembley jijini London, leo zinaweza kutazamwa hata na abiria anayesubiri basi katika stendi ya Msamvu. Ni picha za rangi nyeusi na nyeupe, na hazina sauti. Wengi huzitazama kwa burudani tu: kofia za wakati ule, magari ya farasi, umati usio na mwisho. Kwa Mtanzania, hata hivyo, lipo swali moja la kuuliza: katika picha hizi, sisi tulikuwa wapi?

Mfalme George V aliyafungua maonyesho hayo tarehe 23 Aprili 1924. Yaliendeshwa kwa misimu miwili, hadi Oktoba 1925, na yalitembelewa na watu wapatao milioni 27. Hotuba ya ufunguzi ilirushwa na redio ya BBC, na wapiga picha wa filamu za habari wakanasa msafara na shamrashamra. Ndani ya banda la Kanada kulikuwa na sanamu ya mwana wa mfalme iliyochongwa kwa siagi.

Sinema na maonyesho ya dunia vilikua pamoja. Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 yalikuwa tayari yamepigwa picha na kampuni za Lumière na Edison. Maonyesho na sinema vilikuwa na kazi moja: kuupanga ulimwengu ili mtu auone kwa siku moja bila kuvuka bahari. Kwa hiyo filamu ya Wembley inatuonyesha ulimwengu uliokwisha kupangwa na wenye dola kabla kamera haijafika.

Katika mpangilio huo, Tanganyika iliwekwa pamoja na Kenya, Uganda, Zanzibar na majirani wengine katika jengo moja la Afrika Mashariki lenye sura ya Kiarabu. Kisheria, Tanganyika haikuwa mali ya Uingereza. Ilikuwa nchi ya udhamini, iliyokabidhiwa kwake chini ya Shirikisho la Mataifa mwaka 1922. Hata hivyo, miaka miwili tu baadaye mdhamini aliianika nchi ya watu miongoni mwa mali za dola yake.

Tuchukue mfano wa katani. Mkonge uliletwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, kutoka Florida; miche 62 tu ndiyo iliyosalimika safarini. Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907, na mashamba yakaenea kandokando yake. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mashamba ya Wajerumani yalikamatwa kama mali ya adui na kuuzwa kwa wamiliki wapya. Mkulima aliyedaiwa kodi ya kibanda alilazimika kutafuta fedha, na wengi walizipata kwa kukata majani yenye miiba, siku zao za kazi zikihesabiwa kwenye kipande. Katani ilipofika sokoni Ulaya ilikuwa nyeupe, safi, imefungwa vizuri. Jasho lilibaki huku.

Wapo waliolitambua jambo hili mapema. Mwaka 1924, Ladipo Solanke, mwanafunzi wa sheria kutoka Nigeria, alilipinga hadharani gazeti la London lililowadhalilisha watu wa kwao kuhusiana na maonyesho hayo. Mwaka uliofuata alishiriki kuasisi Umoja wa Wanafunzi wa Afrika Magharibi, uliokuja kuwalea viongozi kadhaa wa harakati za uhuru. Walielewa kwamba kuonyeshwa ni suala la siasa: anayepanga banda ndiye anayeamua nani ni mtu na nani ni pambo.

Somo hili halikuishia Wembley. Kila Agosti, Kanda ya Mashariki hukusanyika katika viwanja vya Nane Nane hapa Morogoro. Maonyesho hayo ni yetu, na ni jambo la kujivunia. Lakini tupite kwenye mabanda tukijiuliza: kibao kinataja jina la taasisi na la mgeni rasmi, je, kinamtaja mkulima wa Kinole au Matombo aliyepanda viungo vile? Kinaeleza bei aliyolipwa shambani na bei ya mjini? Maofisa wetu wanaweza kulirekebisha hilo bila bajeti mpya. Kibao kinachotaja jina, kijiji na bei kinatosha kuanzia.

Kwa wanafunzi, kazi ni ya haraka zaidi. Wazee waliokata mkonge katika miaka ya mwisho ya ukoloni bado wapo, ingawa wanapungua kila mwaka. Filamu za Wembley zimehifadhiwa Uingereza kwa uangalifu mkubwa, na zitadumu. Kumbukumbu ya mkata mkonge haina hifadhi nyingine isipokuwa kifua chake. Simu tunazotazamia filamu za mfalme zina kamera na kinasa sauti. Tuzitumie kumrekodi mzee huyo kwa lugha yake, jina lake likitajwa kwanza, kabla hajatutoka.