Diski ya SSD yaipa uhai mpya kompyuta kuukuu

Na Mwandishi Wetu, Geita

MTEJA anaingia katika duka la steshenari Nkome, mkoani Geita, akitaka kuchapisha barua ya maombi ya kazi kabla gari la kwenda Geita mjini halijaondoka. Mwenye duka anawasha kompyuta, kisha wote wawili wanaketi kuisubiri. Taa ya diski inawaka mfululizo, dakika zinapita. Mteja akichoka, anavuka barabara kwenda duka la pili.

Wengi wakifikwa na hali hiyo huamini kwamba kompyuta imezeeka na dawa yake ni kununua nyingine. Mara nyingi sivyo. Kompyuta za mezani kama Dell OptiPlex na HP Compaq, ambazo watu wengi huzinunua zikiwa zimekwisha kutumika, bado zina prosesa inayotosha kuandika barua, kuchapisha na kufungua tovuti. Kinachozichelewesha ni diski.

Diski ya kawaida ina sahani zinazozunguka, aghalabu mara 7,200 kwa dakika, na kichwa kinachohama huku na huko kuisaka data. Utaratibu huo ni wa tangu mwaka 1956, IBM ilipotoa mashine yake ya RAMAC. Kila safari ya kichwa hicho huchukua milisekunde kumi hivi, na Windows inapowaka huhitaji maelfu ya mafaili madogo yaliyotawanyika. SSD haina kinachozunguka. Ni chipu za kumbukumbu, na data hufikiwa kwa muda usiozidi sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Ndiyo maana hata kompyuta ya mwaka 2009, ambayo njia yake ya SATA haipitishi zaidi ya megabaiti 300 kwa sekunde, hubadilika mno, ingawa SSD yenyewe inaweza kufikia 550.

Anayekwenda dukani aombe SSD ya SATA ya inchi 2.5. Zile nyembamba mfano wa kipande cha RAM, ziitwazo M.2, hazina pa kuchomekwa katika kompyuta hizo. Aina ya NVMe hata ikipachikwa kwa kifaa cha kuunganishia, BIOS nyingi za zamani haziwezi kuwasha mashine kutoka humo. Gigabaiti 240 zinatosha kwa matumizi ya ofisi. Ziko pia SSD bandia, ambazo ndani ya ganda mna chipu ndogo iliyodanganywa ijitangaze kuwa kubwa. Programu ya bure iitwayo H2testw huijaza diski yote na kuisoma tena, na udanganyifu hujulikana.

Kabla ya kushika bisibisi, kazi ya kwanza ni kunakili nyaraka zote kwenye diski ya nje. Hatua hii isirukwe, kwa kuwa diski iliyoanza kuwa nzito huenda iko njiani kufa, na ikifa katikati ya kazi huondoka na hesabu za duka za miaka mingi.

Zipo njia mbili za kuhamia. Ya kwanza ni kunakili diski nzima kwa programu kama Clonezilla, lakini hiyo kwa kawaida hukataa diski mpya iliyo ndogo kuliko ya zamani. Ya pili, iliyo safi zaidi, ni kile mafundi wanachokiita kupiga window upya, kwa kutumia flashi iliyoandaliwa kwa Rufus. Flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa UEFI pekee haitawaka katika mashine ya zamani. Ichaguliwe ya MBR na BIOS.

Katika BIOS, inayofunguliwa kwa F2 kwenye Dell nyingi au F10 kwenye HP, diski iwekwe katika hali ya AHCI kabla ya kupiga window. Ikibadilishwa baadaye, Windows inaweza kukataa kuwaka. Muhimu kuliko yote, diski ya zamani ichomolewe wakati wa kazi. Ikiachwa, Windows inaweza kuweka mafaili ya kuwashia humo, na siku itakapoondolewa SSD haitawaka, mwenye mali adhani ameuziwa kibovu.

Kuhusu kudumu, hofu imezidi kiasi. Kampuni ya Kingston imeipa SSD yake ya A400 ya gigabaiti 240 kiwango cha kuandikwa terabaiti 80. Anayeandika gigabaiti 20 kila siku angehitaji zaidi ya miaka 10 kukifikia. Adui wa kweli ni umeme unaokatika na kurudi ghafla, kwa hiyo UPS si anasa. SSD inaweza pia kufa bila mlio wala dalili, na kuokoa data yake ni kazi ngumu kuliko ya diski ya sahani.

Kasi haitatui suala la usalama. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 Oktoba 14, 2025, na Windows 11 inahitaji TPM 2.0 pamoja na, kwa Intel, prosesa za kizazi cha nane na kuendelea isipokuwa chache. Kwa mashine za zamani, Linux Mint ni ya bure na huenda vyema, mradi mtumiaji ahakikishe kwanza kwamba printa yake inakubali.

Diski iliyotolewa ihifadhiwe wiki kadhaa, hadi mwenye nayo athibitishe kwamba hakuna kilichosahaulika. Baadaye inaweza kurudishwa kuwa ghala la pili. Ikiwa itauzwa, ikumbukwe kwamba ndani yake mna nakala za vyeti na vitambulisho vya taifa vya wateja, na kufuta tu hakuviondoi. Windows ikiulizwa kufomati, alama ya "quick format" iondolewe, kisha mashine iachwe imalize, hata ikichukua saa kadhaa.