Kutangatanga na Kuelea: Historia ya Dhana Mbili

Mfasiri wa vitabu vya kompyuta hukutana mara kwa mara na picha zinazohamahama zenyewe katika ukurasa wa tovuti pasipo njia maalumu. Wengi huandika kwamba picha hizo "zinakwenda ovyo". Neno hilo halitufai, kwa kuwa lina lawama ndani yake: afanyaye ovyo ni mzembe, na kompyuta haizembei. Twapendelea nasibu, ambalo hata asiyesoma hesabu hulijua kutokana na bahati nasibu.

Shida kubwa zaidi imo katika kitenzi, na hapa hapana budi turudi nyuma. Mwaka 1827 Robert Brown, mtaalamu wa mimea wa Uskoti, alitazama kwa hadubini chembe zilizotoka katika chavua zikitikisika majini zisitulie. Mwaka 1905 Albert Einstein alieleza kwamba chembe za namna hiyo husukumwa na molekuli za maji. Mwaka huo huo Karl Pearson aliuliza katika jarida la Nature: mtu akipiga hatua zilizo sawa, na kila mara akageukia upande wowote, atafika umbali gani? Lord Rayleigh alimjibu kwa hesabu, naye Pearson akamfananisha mtu huyo na mlevi, ambaye yaelekea ataonekana karibu na alipoanzia. Kwa kukadiria, hatua 100 humfikisha umbali wa hatua 10 tu.

Lugha ya JavaScript ilibuniwa na Brendan Eich katika kampuni ya Netscape mwaka 1995. Vivinjari vya Netscape na Microsoft vya mwaka 1997 vikawezesha picha kuhamishwa hata baada ya ukurasa kwisha kufunguka. Mwandishi wa programu akiifuata njia ya mlevi, picha yake hutetemeka karibu pale pale, mfano wa chembe za Brown. Akitaka ielee, huchagua kwa nasibu mahali pa kwenda, huisogeza polepole hadi ifike, ndipo huchagua pengine.

Mwendo wa kwanza twauita kutangatanga kwa nasibu, na wa pili kuelea kwa nasibu. (Kuzurura tumelikataa, linanukia polisi na mahakama.) Mwalimu akitumia neno moja kwa miendo yote miwili, mwanafunzi atayafuata maelekezo barabara, picha itatetemeka tu, naye atadhani amekosea hesabu.