Kitabu cha Kuagana: Historia ya Utani wa Wanafunzi

Kila mwalimu aijua siku ile. Mitihani imekwisha, masanduku yamefungwa kamba, na watoto ambao jana walikuwa wakigombania kalamu, leo wanapitishiana daftari. Kila mmoja aandika maneno mawili matatu kwa mwenzake: huyu amsifu kwa mbio zake, yule amcheka kwa kusinzia wakati wa hesabu, na mwingine amtabiria kwamba atakuwa mkubwa wa mji, lakini hata siku hiyo hatajua kuandika barua bila makosa. Sisi tulipokuwa waalimu wachanga tulikuwa tukiyanyang'anya madaftari hayo, tukidhani ni upuzi na kupoteza wino. Hata siku moja tukasoma ukurasa mmoja kabla ya kulitia daftari motoni. Aliyeandika alikuwa mtoto mwenye maneno mengi. Aliyeandikiwa alikuwa mtoto wa kimya. Alimcheka mwenziwe kwa ukimya wake mistari mitatu mizima, kisha katika mstari wa nne akamkumbusha kwamba alipougua homa ndiye aliyemletea maji usiku. Tulilirudisha daftari lile kwa mwenyewe, nasi tukaona haya. Tangu hapo tukaanza kuuliza: Desturi hii ilianza wapi, na ina maana gani?

Asili yake iliyo wazi ni ya zamani. Katika miaka ya 1540 na kuendelea, wanafunzi wa chuo cha Wittenberg, katika nchi ya Ujerumani, walianza kuwaomba waalimu wao wawaandikie maneno ya kumbukumbu. Mji ule ndio aliofundisha Martin Luther, aliyekufa mwaka 1546, na mwenzake Philipp Melanchthon, aliyekufa mwaka 1560. Kijana alipotaka kuondoka, alichukua kitabu chake cha kusoma, akakitia karatasi tupu katikati ya kurasa, akampelekea mwalimu. Mwalimu akaandika neno la hekima, kwa Kilatini au Kiyunani au Kiebrania, akatia jina lake, mahali na tarehe. Baadaye wapiga chapa waliona kwamba kuna faida, wakatengeneza vitabu vyenye kurasa tupu kwa kazi hiyo tu. Kwa Kilatini kitabu hicho kiliitwa album amicorum, maana yake kitabu cha marafiki.

Tusidhani kwamba jambo hili lilikuwa mchezo tu. Wanafunzi wa siku zile walikuwa wasafiri. Walitoka chuo hiki wakaenda chuo kile, kwa miguu au kwa farasi, na huenda wawili walioagana wasionane tena duniani. Tena, kijana alipofika mji mgeni, kitabu chake kilikuwa shahidi wake: mwenyeji alifungua kurasa, akaona majina ya watu wenye heshima waliomjua, akamkaribisha. Lakini kitabu hakikukaa mikononi mwa waalimu peke yao. Wanafunzi wenzake nao wakaandika, nao hawakuwa na uzito wa waalimu. Walichora picha za kuchekesha na za karamu, wakataniana. Basi tangu mwanzo vitu viwili vilikaa katika kitabu kimoja: hekima na mzaha. Wala hakuna aliyeona ajabu.

Baadaye desturi hii ikatoka vyuoni ikaingia katika nyumba na shule ndogo. Katika karne ya 19 wasichana wa Ujerumani na Uholanzi walikuwa na vitabu vidogo vya mashairi, wakiwapelekea wenzao wa darasa waandike. Huko Uholanzi ikawa kama sheria: ukurasa mmoja ni wa shairi, na ukurasa wa pili ni wa picha za maua na malaika, tena katika pembe huandikwa maneno madogo, pengine tarehe imepinduliwa juu chini ili msomaji akigeuze kitabu na kucheka. Watoto wengi hawakutunga shairi wenyewe. Walinakili la mwingine. Hata hivyo, aliyenakili alichagua, na kuchagua nako ni kusema.

Katika nchi ya Marekani desturi ilishika njia nyingine. Mwaka 1806 wanafunzi waliomaliza chuo cha Yale walikuwa na kitabu chenye picha za vivuli vya nyuso zao, kwa kuwa kamera zilikuwa hazijavumbuliwa. Katika miaka ya 1860 wapiga picha waliweza kutoa nakala nyingi za picha moja, na kila mwanafunzi akanunua picha za wenzake, akazifunga pamoja ziwe kitabu, akawaomba watie sahihi. Uchapaji wa picha ulipokuwa rahisi, shule nyingi zikatoa kitabu chao kila mwaka. Na mwaka 1909 mji wa Columbus, katika jimbo la Ohio, ulipofungua shule ya kati kwa watoto wa darasa la 7, la 8 na la 9, aina hiyo ya shule ikaenea nchini, na watoto hao wa miaka 12 hata 15 wakaiga mambo ya kaka zao.

Katika vitabu hivyo palikuwa na sehemu mbili zilizopendwa kuliko nyingine. Ya kwanza iliitwa wosia wa darasa. Wanaoondoka hujifanya kama watu wanaokufa, nao huwagawia wanaobaki urithi wao: mmoja huacha sauti yake kubwa kwa mtoto mpole, mwingine huacha kiti chake cha nyuma, mwingine huacha udhuru wake wa kuchelewa, akisema ungali mzima, haujachakaa. Sehemu ya pili iliitwa unabii wa darasa. Mwandishi hujifanya ameota ndoto, akaona wenzake baada ya miaka 20: mvivu amekuwa mwalimu mkali, na mwoga wa maji amekuwa nahodha. Wasomaji wetu wataona mara moja kwamba jambo hili si geni kwetu. Ni utani.

Nasi twajua utani ni nini. Mzaramo humcheka Mnyamwezi, na Mnyamwezi humjibu Mzaramo, wala hapana anayekwenda barazani kushtaki. Lakini utani una upande wa pili, ambao wageni huusahau. Siku ya msiba mtani huja. Anayekucheka siku ya harusi ndiye anayeshika jembe siku ya kuchimba kaburi. Mtu akicheka tu, kisha asionekane siku ya shida, huyo si mtani. Huyo ni mtukanaji. Basi hapo tumepata kipimo cha kupimia maneno ya watoto wetu. Na historia imetupa mifano miwili, yote miwili ya mwaka 1942, wakati wa vita kuu ya pili.

Mfano wa kwanza watoka Uholanzi. Majeshi ya Ujerumani yalikuwa yameishika nchi, na watoto wa Kiyahudi walikuwa wametolewa katika shule za watu wote, wakatengewa shule zao. Katika mji wa Amsterdam, katika shule moja ya namna hiyo, alisoma msichana Anne Frank. Tarehe 28 Machi 1942, akiwa na miaka 12, alimwandikia dada wa rafiki yake wa darasani shairi fupi la mistari minane. Ni mausia tu ya bidii ya kazi, na mistari minne ya kwanza aliinakili kutoka gazeti la miaka ya nyuma, kama wafanyavyo watoto wote. Hapana mtu siku ile aliyeliona kuwa jambo kubwa. Miezi mitatu ikapita, na tarehe 6 Julai jamaa yake wakaenda kujificha, wala hakupata nafasi ya kuagana na darasa lake. Tarehe 4 Agosti 1944 walikamatwa, naye Anne akafa mapema mwaka 1945 katika kambi ya Bergen-Belsen, hajatimiza miaka 16. Mwaka 2016 karatasi ile ya shairi ilinadiwa katika mji wa Haarlem kwa euro 140,000. Fedha hizo ni nyingi, lakini si kipimo cha thamani yake. Thamani yake ni kwamba mkono wa mtoto uliogusa karatasi ile haukupewa nafasi ya kuandika kwaheri nyingine.

Mfano wa pili watoka Marekani. Tarehe 19 Februari mwaka huo huo rais Franklin Roosevelt alitia sahihi amri, na kwa amri hiyo watu wapata 120,000 wenye asili ya Kijapani, wengi wao raia waliozaliwa Marekani, waliondolewa katika pwani ya magharibi, wakapelekwa kambini. Katika mji wa Los Angeles alikuwako kijana wa miaka 17, Ralph Lazo, mwenye asili ya Meksiko na Ireland. Marafiki zake wengi wa shule walikuwa Wajapani. Wengine waliwaambia wenzao maneno mazuri ya kwaheri, wakarudi makwao. Lazo alipanda gari moshi pamoja nao, akaenda kambi ya Manzanar, katika bonde kavu lenye vumbi, ingawa hakuwa Mjapani, wala hakuwa na mke wala ndugu wa Kijapani. Hakuna aliyemwamuru.

Katika kambi ile masomo yalianza ndani ya mabanda, na mwanzoni watoto walikaa sakafuni kwa kukosa madawati. Hata hivyo walicheza, walitaniana, na mwaka 1944 wakatoa kitabu chao cha shule kama watoto wa mji wowote, wakakiita Ulimwengu Wetu. Mmoja wa wafungwa, Toyo Miyatake, alikuwa mpiga picha. Alikuwa ameingiza kioo cha kamera kwa siri, akatengeneza sanduku lake kwa mbao. Na wanafunzi waliomaliza mwaka huo walimchagua nani kuwa mkuu wa darasa lao? Walimchagua Ralph Lazo. Hakuwa hodari wa masomo kuliko wote. Lakini wahenga wamesema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mwaka 1988 serikali ya Marekani iliomba radhi kwa sheria, ikamlipa kila aliyekuwa hai dola 20,000. Rafiki yule hakungoja miaka 46 kujua lililo haki.

Basi, waalimu wenzetu na wazazi, tufanye nini na madaftari ya watoto? Tusiyachome. Mtoto asiyejua kuagana hajui pia kukaa na watu. Lakini tusiwaache bila mafundisho, kwa maana daftari lile lile laweza kubeba sumu. Tumeona daftari lililopitishwa kwa siri, wenzi wakaandika kasoro za msichana mmoja, umaskini wa nyumba yao na kilema cha mguu wake. Naye alilisoma, na muhula uliofuata hakurudi shuleni. Walioandika walisema walikuwa wakitania tu. Hawakuwa wakitania. Walicheka kitu ambacho hawakuwa tayari kukibeba pamoja naye.

Sisi sasa tumewawekea wanafunzi wetu sharti moja. Andika utakalo, mcheke mwenzako utakavyo, lakini tia jina lako chini ya maneno yako na tarehe, kama walivyofanya wale wa Wittenberg. Na usiandike neno ambalo utaona haya kulisikia likisomwa siku utakapokwenda kumpa pole. Mwaka jana mtoto mmoja alifikiri kwa muda mrefu, akafuta mistari miwili, kisha akauliza kama aweza kupewa karatasi ya pili. Tulimpa.