Nguo Yenye Jina

Sentensi ya kwanza ya Kiswahili niliyoisoma bila kulazimishwa na mtu ilikuwa kiunoni mwa nyanya yangu. MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE. Alikuwa ameinama akipepeta mchele, herufi zimepinda juu ya makalio, nami nikazifuata moja moja kwa kidole hewani.

"Nyanya, mdhaniaye ni nani?"

"Ni yule unayemdhania, mwanangu."

"Na mbona siye?"

Akacheka. Hakunieleza. Miaka mingi baadaye, kidato cha pili, mwalimu akaandika ubaoni habari za virejeshi, darasa zima likaguna. Mimi nikaona, kumbe ni ile leso.

Nyanya alizaliwa Mombasa, na huko wengi husema leso pale Watanzania wanaposema kanga. Neno lilitoka kwa Wareno, lenço, kitambaa cha mkononi. Inasimuliwa kwamba mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vitambaa hivyo vikiwa bado havijakatwa, wakavishona vipande sita pamoja, wakapata nguo moja pana. Kabla ya hapo mwanamke mtumwa alivaa merikani, pamba nyeupe isiyo na urembo iliyofika kwa meli kutoka Marekani (jina lenyewe linakuambia), au kaniki, iliyotiwa rangi nyeusi-buluu. Ukimwona njiani unajua ni wa nani. Utumwa ulipopigwa marufuku Zanzibar mwaka wa 1897, na pwani ya Kenya mwaka wa 1907, waliokuwa wakivishwa wakaanza kujichagulia. Leso ya rangi kali ilisema "mimi si wa mtu" hata kabla haijaandikwa neno.

Maneno yakaja baadaye kidogo. Katika mtaa wa Biashara, Mombasa, kuna duka lililoanzishwa mwaka wa 1887 na Kaderdina Hajee Essak, ambaye leso zake zilijulikana kama Mali ya Abdulla. Yeye ndiye hutajwa sana kuwa aliyeanza kutia methali kwenye leso. Mwanzoni ziliandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, halafu zikageuzwa kuwa za Kirumi. Hapo huwa nasimama kidogo. Msichana aliyejifunza alifu na bee chuoni aliweza kusoma nguo ya mamake. Herufi zilipobadilika, nguo ile ile ikawa inamwonyesha maandishi mapya, bila ada wala sare.

Na haikumfundisha kusoma tu. Maneno ya leso huitwa jina, na jina huchaguliwa kwa sababu. Jirani amekusengenya? Unanunua NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE, unapita mlangoni pake polepole. Akikuuliza, unamjibu: mimi nimevaa nguo tu. Yeye naye ataenda dukani kutafuta jibu lake. Hayo ni mazungumzo kamili, na mtoto anayetazama anajifunza nani huambiwa nini, lini, na kwa kuzungukazunguka kiasi gani.

Shule yangu ilikuwa na vazi lake pia. Tuliliita diski: kipande cha mbao chenye kamba, unavalishwa shingoni ukikamatwa ukiongea lugha ya nyumbani. Desturi hiyo ni ya tangu ukoloni. Ngũgĩ wa Thiong'o ameieleza katika Decolonising the Mind, mwaka wa 1986. Kwetu hata Kiswahili kilikuwa kosa, isipokuwa Ijumaa. Nilivaa diski siku nzima kwa kusema "nipe rula". Siku hiyo sikuongea tena, hata Kiingereza chenyewe. Jioni nikarudi nyumbani, nyanya akanifunika leso, nikamsomea jina lake kwa sauti.

Siku hizi, Jumamosi, nakaa na watoto wa gredi ya nne huku Kayole. Naanika leso mbili tatu ukutani. Tunaanza na nguo yenyewe: pindo ni ule ukingo, mji ni pale katikati. ("Ticha, kwani nguo iko na mji?" Iko.) Kisha tunasoma. MCHELE MMOJA MAPISHI MBALIMBALI ilitumaliza nusu saa, kwa sababu kwao kilicho shambani, dukani na kwenye sahani, chote ni mchele. Mpunga hawakuwa wamewahi kuusikia. Wali waliujua kwa wali wa nazi tu.

Halafu kila mmoja anachagua leso, anajifunga, anamwambia mwenzake jambo bila kumtaja. Wiki iliyopita binti mmoja mkimya, ambaye muhula mzima nilikuwa nikimsikia kwa shida, alichukua HASIDI HANA SABABU. Akajifunga vizuri, akageuka ili maandishi yamwelekee kijana anayekaa naye dawati moja.

"Ticha," kijana akauliza, "hasidi ni nani?"

Nikafungua mdomo kueleza. Binti akaniwahi.

"Jiulize."